Wimbo wa Ujana Wetu na Viti Vilivyobaki Wazi



Katika kikao cha shirika letu cha mwezi uliopita, mmoja wetu alisimama akaomba neno. Aliomba kwamba katika sikukuu ijayo ya Mwili na Damu ya Kristu upigwe tena, kwa nyuzi na kwa sauti za watu, wimbo wa Mozart uitwao Ave verum corpus, ambao sisi tuliupiga mwezi wa Juni 1985, tulipokuwa vijana wenye kuanza kazi ya muziki. Alisema anatamani kuusikia mara moja tena kabla ya kuitwa. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja alijifuta machozi kwa pembe ya kitenge chake. Ombi likakubaliwa, wala hapakuwa na mtu wa kulipinga.

Nusu saa baadaye likaja shauri jingine. Vijana watatu waliofika kwa treni kutoka Kasai, ambao wazazi wao wamepanga nyumba huku kwetu Kinsevere, karibu na barabara ya malori ya mgodini, waliomba kuingia katika korali. Hapo ndimi zikafunguka. Wengine walisema tungoje kwanza. Wengine walisema watu hao wanakuja wengi mno, na kesho watataka kutuongoza. Wengine walicheka tu. Shauri likaahirishwa hadi kikao kijacho. Na sisi tunaoandika haya, ambao nusu saa kabla tulikuwa tumehurumiwa na ukumbi mzima, hatukutia neno.

Tuko wanne. Ndio tuliobaki katika orkestra ndogo ya watu kumi na wanne. Tumeona ni haki kusema katika ukurasa huu yale tuliyoshindwa kuyasema kikaoni, kwa maana mashauri yale mawili, la wimbo na la vijana wa treni, ni shauri moja, na katika ukumbi ule sisi peke yetu ndio tuliokuwa tukilijua hilo.

Tuanze na wimbo wenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuusikia. Msomaji asipotoshwe na neno orkestra. Katika nchi yetu neno hilo huleta akilini magitaa, tumba na watu wanaocheza hadi alfajiri, na hatusemi hayo kwa dharau, kwa sababu wawili kati yetu walilisha watoto wao kwa kazi hiyo. Ila orkestra yetu ilikuwa ya namna nyingine. Tulikuwa na fidla saba, viola mbili, selo mbili, besi moja kubwa, harmoniamu moja na klarineti moja. Mozart hakumwandikia mpiga klarineti chochote katika wimbo huu, lakini ndugu yule hakukubali kukaa bure siku ya sikukuu, basi akawa anafuata noti za viola, polepole, na padri hakugundua kamwe.

Mozart aliuandika wimbo huo tarehe 17 Juni 1791 katika mji mdogo wa Baden, karibu na Vienna, ambako mkewe Constanze, aliyekuwa mjamzito, alikwenda kujitibu kwa maji ya chemchemi. Aliuandika kwa ajili ya rafiki yake Anton Stoll, aliyekuwa kiongozi wa waimbaji wa parokia ya pale, ili uimbwe katika sikukuu hiyohiyo ya Mwili wa Kristu. Jambo hilo lilitufurahisha sana tulipolisoma. Wimbo ambao ulimwengu mzima unauinamia haukuandikwa kwa jumba la mfalme. Uliandikwa kwa korali ya parokia, yenye watu wa kawaida, wengine wakiwa na kikohozi. Una vipimo 46 tu, na hauzidi dakika nne. Mwanzoni mwake mtunzi aliweka agizo moja, kwamba uimbwe kwa sauti ya chini, kisha hakuagiza tena. Miezi sita haikutimia, tarehe 5 Desemba mwaka uleule, akafariki, akiwa na miaka 35.

Noti zake ni nyepesi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzishika zote. Ugumu wake ni kwamba hauna mahali pa kujificha wala pa kujionyesha. Anayeharakisha husikika, na anayetaka sauti yake ipite ya jirani husikika zaidi. Fidla na wenzake huanza peke yao kwa vipimo viwili, ndipo waimbaji wanaingia. Katikati, maneno yanapofika kwenye ubavu wa Bwana uliochomwa, muziki unauacha ufunguo wake wa re na kuingia katika ule wa fa, na hata asiyejua kusoma noti huhisi kwamba ameingizwa katika chumba chenye kivuli. Mwishoni wanawake hutangulia na wanaume hufuata nyuma yao kipimo kimoja, wakirudia wimbo uleule, kana kwamba wanakumbushwa. Kisha sauti zote hunyamaza, na vipimo vya mwisho huachiwa nyuzi.

Kwetu mwezi wa Juni ni kiangazi chenye baridi. Hewa hukauka, na mbao za fidla hukauka pamoja nayo hata zikapasuka. Unaweza kuweka sawa nyuzi zako saa moja kabla ya Misa, na wakati wa Utukufu zikawa zimekwisha kulegea. Nyuzi zilipokatika hatukuwa na duka la kununulia nyingine. Tulitumia waya za breki ya baiskeli, kama walivyokuja kufanya baadaye wenzetu wa orkestra ya Wakimbangu mjini Kinshasa, ile iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 na ambayo leo inajulikana duniani. Ulimbo wa kupaka upinde tuliuchemsha wenyewe kutoka utomvu wa miti. Wengi wetu tulikuwa tumezoea kusoma do-re-mi iliyoandikwa kwa herufi, kama korali nyingi zinavyosoma hadi leo, na noti za mistari mitano tulijifunza usiku, baada ya kazi. Tulifanya mazoezi ya wimbo huo wa dakika nne kwa miezi mitano. Siku ya sikukuu ilipofika tuliupiga wakati wa Komunyo, na hatukukosea, isipokuwa mahali pamoja ambapo tunapajua sisi.

Huo ndio wimbo ambao mwenzetu anautamani. Na anapousimulia, husimulia pia mwaka wenyewe. Mwezi wa Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Lubumbashi, siku zilezile alizomtangaza Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri kule Kinshasa, tarehe 15. Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na mwenye kazi alipata unga wa mgao, hospitali na shule ya watoto. Mazoezi yalianza saa kumi na moja jioni, na hapakuwa na aliyechelewa. Hayo yote ni kweli, na hatuoni aibu kuyakumbuka.

Lakini tumegundua kitu katika masimulizi yetu. Huanzia mwaka 1983 tulipopata fidla za kwanza, hufika mwaka 1985, kisha huruka hadi leo. Katikati tunaweka maneno matatu tu: baadaye orkestra ikafa. Wajukuu wanadhani ilikufa kama mzee anavyokufa, kitandani, akiwa amezungukwa na watu wake. Haikufa hivyo.

Watu sita kati ya wale kumi na wanne walikuwa wa asili ya Kasai: fidla tatu, viola moja, selo moja, na mpiga harmoniamu. Tunasema asili, kwa kuwa wote walizaliwa huku. Babu zao waliajiriwa kuja kufanya kazi katika migodi ya Union Minière, wengi wakiletwa kwa reli ile iliyofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Baba zao walisoma huku na kuoa huku. Wao wenyewe walibatizwa katika makanisa yetu, na wanne kati yao walikaa Likasi. Kila Jumamosi walisafiri kilomita zaidi ya mia kuja kufanya mazoezi nasi, wakaondoka usiku. Hatukupata kusikia kwamba walikuwa wageni mpaka miaka ilipobadilika.

Miaka ilibadilika kwa pamoja. Shaba ilianguka: kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Njaa iliingia katika nyumba ambazo hazikuwa zimeizoea, na mwenye njaa hutafutiwa adui upesi. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na mwezi uohuo Likasi ikawaka moto. Mwezi wa Machi 1993 ikafuata Kolwezi. Watu waliambiwa warudi kwao, na wengi wao hawakupata kuiona hiyo kwao hata mara moja. Mamia ya maelfu waliondolewa katika mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Shaba. Walikaa vituoni kwa majuma, na wengine kwa miezi, chini ya plastiki, wakingoja mabehewa. Wengi walikufa pale kituoni, au njiani, kwa magonjwa na kwa kubanana. Reli iliyowaleta mababu ndiyo iliyowarudisha wajukuu.

Wenzetu wanne wa Likasi waliondoka kwa njia hiyo. Wawili wa Lubumbashi hawakusubiri kufukuzwa. Walisikia yaliyokuwa yakisemwa mitaani, wakauza walivyokuwa navyo, wakaenda.

Sasa tuseme na sisi tulifanya nini, kwa kuwa ni rahisi kulaumu wanasiasa, na wanasiasa wale wengi wao wamekwisha kufa. Hatukumfukuza mtu. Hatukuchoma nyumba. Mmoja wetu alikwenda kituo cha Likasi mara moja na mfuko wa unga. Aliona yaliyokuwapo, na hakurudi mara ya pili. Wa pili hakwenda kabisa, kwa woga wa kuonekana. Wa tatu, na tunaliandika hili kwa idhini yake, alijikuta akifikiri kwamba sasa kiti cha kwanza cha fidla kitakuwa chake. Anasema fikira hiyo ilikaa moyoni mwake labda kwa muda wa kuvuka barabara, lakini ilikaa, na miaka zaidi ya thelathini haijatosha kuisahau. Wa nne ndiye aliyeachiwa selo. Mwenyewe alikuja usiku kuagana, akiwa na mkewe na watoto, akasema katika behewa hakuna nafasi ya kitu kama hicho, akamwomba aitunze mpaka atakapoituma watu kuichukua. Hakumtuma mtu.

Juni 1993 tulijaribu kuupiga Ave verum bila wao. Tulikuwa wanane. Bila harmoniamu, waimbaji walitafuta sauti na kuikosa. Tulipofika mahali pale ambapo wimbo unaingia katika ufunguo wa fa, na ambapo selo mbili zinapaswa kushikilia sauti ya chini, ilisikika selo moja tu, nyembamba, na aliyekuwa akiongoza akashusha mkono. Tulikusanya karatasi zetu. Hatukupiga tena. Kwa miaka yote hii tumesema kwamba ni vijana wa siku hizi walioiua orkestra, kwa kupenda kinanda cha umeme ambacho kidole kimoja kinatoa sauti za fidla ishirini. Kinanda hicho kilifika kwetu mwaka 2004. Orkestra ilikuwa imekwisha nyamaza kwa miaka kumi na moja.

Tungependa hapa tukumbushe kazi nyingine ya muziki, ambayo ni ya mkoa wetu na ambayo wengi hupenda kujivunia. Mwaka 1958, kule Kamina, watoto wa shule na walimu wao, waliojulikana kwa jina la Troubadours du Roi Baudouin, pamoja na padri Mfransisko Guido Haazen kutoka Ubelgiji, waliitunga na kuiimba Missa Luba. Mwaka uleule walikwenda Ulaya, wakaimba katika maonyesho makubwa ya Brussels, na hata pamoja na wavulana waimbaji wa Vienna. Miaka kumi baadaye Sanctus yao ilisikika katika filamu ya Kiingereza, na vijana wa nchi za mbali wakainunua sahani ile bila kujua Kamina iko wapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini muziki ulikuwa wa watu.

Watu gani? Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Sanctus ile imejengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Hosana yake inafuata mwendo wa ngoma ya Kasai. Na Agnus Dei imetokana na wimbo wa Bena Luluwa, watu wa pande za Kananga. Watoto wa Katanga waliziimba nyimbo hizo zote kama mali yao, na hakuna aliyewauliza vitambulisho. Tunaposema kwa fahari kwamba Misa ile ni ya kwetu, basi tujue tunachokisema. Ukiondoa humo kilichotoka Kasai, unaondoa Hosana, na unamwondoa Mwanakondoo wa Mungu.

Mwenzetu mmoja alituuliza, tulipokuwa tukiandaa maneno haya, kama hamu ya wimbo wa zamani ni dhambi. Hatuoni hivyo. Mwanamuziki hukumbuka kwa vidole. Kazi ya kwanza aliyoifanya vizuri hukaa mwilini mwake kama alama ya chanjo, na akiwa mzee, vidole vikiwa vimeshupaa, bado hucheza juu ya meza bila yeye kutaka. Mungu ndiye aliyetuumba hivyo. Ila katika Maandiko kuna hamu za namna mbili. Katika kitabu cha Hesabu, Waisraeli jangwani walilia kwa kukumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Waliukumbuka mlo, wakasahau matofali na fimbo. Na katika Zaburi ya 137, wale waliohamishwa Babeli walivitundika vinubi vyao kwenye miti, wakashindwa kuimba. Tumezoea kujiweka katika kundi hili la pili. Tulipenda kusema kwamba nasi tumevitundika vinubi vyetu. Lakini sisi hatukuhamishwa. Sisi tulibaki nyumbani. Zaburi ile ni ya wenzetu sita, na pengine kule Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi kuna mtu ambaye vidole vyake vimekuwa vikicheza juu ya meza kwa miaka thelathini.

Tunajua yatakayosemwa. Tumekwisha kuyasikia, mengine kutoka ndani ya nyumba zetu. Kwamba tunafukua mifupa. Kwamba wenyeji nao walikuwa na manung'uniko ya haki, kwani vyeo katika migodi na reli vilionekana kwenda kwa watu wa upande mmoja. Kwamba leo tena watu wanakuja wengi, kazi ni chache, viwanja ni vichache, na mgodi unaajiri kwa majina. Hatusemi kwamba hayo ni upuuzi. Swali la kazi na ardhi lina mahali pake, na wenye mamlaka walijibu kwa sheria. Sisi tunaongea juu ya korali. Katika korali hakuna kazi wala kiwanja cha kugawana. Kuna viti vya mbao, karatasi zilizochakaa, na nafasi ya kumsifu Mungu kila Alhamisi jioni. Kama hata hapo tunamwambia kijana wa miaka kumi na sita angoje kwanza tumjue, basi hatutamjua kamwe, kwa kuwa sisi hatukujua sauti za wenzetu sita kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kukaa nao na kuimba.

Na tusisahau ni sikukuu gani tunayotaka kuupigia wimbo huo. Ni sikukuu ya Mwili. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa sababu walikula chakula cha Bwana bila kungojana, kila mmoja akishiba peke yake. Bwana mwenyewe aliagiza kwamba mwenye kuleta sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache palepale mbele ya altare, aende kwanza akapatane naye. Sadaka yetu ni vipimo 46. Sisi tumekumbuka. Hatuwezi tena kujifanya hatukumbuki.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na tunayaweka mbele ya shirika kwa heshima, mbele ya Baba Paroko na ya viongozi wote. Ombi la kuupiga tena Ave verum lisimame, lakini lisitangulie. Kwanza vijana wale watatu wapokelewe katika korali, katika kikao kijacho, bila masharti ambayo hatukuwawekea watoto wetu. Wimbo upigwe pamoja nao. Ikiwa hatuwezi kuupiga pamoja nao, ni afadhali usipigwe, na mwenzetu aliyeuomba ndiye wa kwanza kukubali hivyo. Aliposoma rasimu ya maneno haya alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba mwaka 1985 alikuwa amekaa kati ya watu wawili, na wote wawili waliondoka, na kwamba labda ni wao aliokuwa akitaka kuwasikia.

Katika maombi ya waamini siku hiyo, tunaomba yasomwe majina ya wale sita. Hatuyaandiki hapa, kwa sababu hatujui ni wangapi walio hai, wala kama wangependa. Wawili tumepata habari zao kupitia jamaa: mmoja alizikwa Mwene-Ditu, na wa pili, aliyekuwa akipiga harmoniamu, inasemekana anafundisha katekisimu karibu na Kananga. Tumemwandikia. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za kueleza hali ilivyokuwa wakati ule. Tuliichana. Ya pili ina nusu ukurasa.

Kuhusu muziki wenyewe, tusijidanganye. Fidla zilizosalia ni tatu, na moja ina ufa. Viola hakuna. Ndugu wa klarineti yupo, ana afya, na anasema safari hii pia hatakaa bure. Sehemu za viola zinaweza kupigwa kwa kinanda cha umeme, na hapa tunawaomba radhi vijana wetu kwa maneno yote tuliyosema juu ya kinanda hicho. Waimbaji wapo, na waimbaji ndio wengi wa kazi.

Selo ipo pia. Jumamosi iliyopita mmoja wa wale vijana, binti aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika parokia yao ya zamani, alikuja kumsalimu mwenzetu anayeitunza. Aliiona kona, ndani ya sanduku lake, akauliza kama anaweza kufungua. Ndani ya kifuniko kuna karatasi iliyobandikwa, yenye jina la mwenyewe. Aliisoma kwa sauti, na jina likatoka sawasawa, kwa matamshi ya Kiluba cha Kasai, jinsi ambavyo sisi hatukuweza kamwe kulitamka ingawa tulilitaja kwa miaka kumi.

"Baba," akauliza, "huyu yuko wapi?"

Akaambiwa kwamba aliondoka kwa treni, zamani, kabla yeye hajazaliwa.

"Alitaka kuondoka?"

Mwenzetu akamwambia hapana, hakutaka. Binti akakaa, akaiegemeza selo begani kama mtu anayebeba mtoto mkubwa, na akauliza mkono wa kushoto unawekwa wapi.

Anakuja kila Jumamosi saa tisa. Selo inahitaji nyuzi mbili, ya sol na ya do. Mwenye ndugu anayesafiri kwenda Ndola au Johannesburg, tunamwomba atuone baada ya Misa ya kwanza ya Jumapili.